Kisoro, mji wa milimani zinapokutana Uganda, Rwanda na Kongo: naomba kufahamishwa historia na vivutio vyake

Mkazi wa Tabata:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Sisi ni wafanyakazi wa ofisi moja hapa Dar es Salaam ambao huchangishana kila mwezi ili mwisho wa mwaka tusafiri pamoja. Zanzibar, Bagamoyo na Lushoto tumekwisha kuzizoea, na mwaka huu wengi wametaka tuvuke mpaka. Mwenzetu mmoja aliyewahi kufanya kazi Kampala ametuletea jina la Kisoro, mji mdogo ulioko kwenye pembe ya kusini-magharibi kabisa ya Uganda, chini ya milima ya Virunga. Wanaompinga wanasema ni mbali mno, kuna baridi, na kwamba kinachotazamwa huko ni gorila peke yao, wanyama ambao kibali cha kuwaona kinasemekana kuwa ni mamia ya dola.

Ninayo maswali mawili. La kwanza ni la historia. Nikitazama ramani naona mpaka wetu na Uganda umenyooka kama uliopigwa kwa rula, lakini ukishafika upande wa Rwanda unapindapinda na kuteremka kusini hadi kuifunika pembe hiyo ya Kisoro, ambako wenyeji, yaani Wafumbira, nimeambiwa wanazungumza lugha ile ile ya Wanyarwanda. Ilikuwaje wakaangukia Uganda? La pili ni hili: mtu ambaye mfuko wake haumruhusu kwenda kwa gorila atakuwa amefuata nini safari yote hiyo? Kama yupo anayeijua njia nzuri ya kupita, ninaomba pia atueleze.

Mwalimu Mstaafu, Ubungo:

Ndugu yangu wa Tabata, swali lako la kwanza limenifurahisha, kwa sababu nilifundisha historia kwa miaka mingi na sijakutana na watu wengi wanaoutazama mpaka na kujiuliza kwa nini umepinda. Jibu lake linaanzia katika ardhi yetu wenyewe, Karagwe.

Mwishoni mwa mwaka 1861 wapelelezi wa Uingereza, Speke na Grant, walikuwa wageni wa Rumanyika, mtawala wa Karagwe, wakiwa njiani kutafuta chanzo cha mto Nile. Kutoka kwenye vilima vya huko Speke aliona upande wa magharibi, mbali sana, vilele vilivyochongoka, naye akaambiwa kuwa ni Mfumbiro. Hakufika huko. Jina hilo hata hivyo liliingia katika ramani za Ulaya, likakaa humo kana kwamba Mfumbiro ni mlima mmoja mkubwa unaosimama peke yake, ilhali alichokiona kwa mbali kilikuwa ni sehemu ya safu nzima ya volkano nane. Stanley, mpelelezi mwingine, naye alipopita maeneo ya jirani miaka ya baadaye alizidi kulikuza jina hilo, na ikaaminika huko London kwamba alikuwa amefunga mikataba na watawala wa nchi ile.

Sasa njoo kwenye mkataba ambao kila aliyesoma historia ya sekondari hapa nchini ameukariri, ule wa Heligoland wa tarehe 1 Julai 1890. Tulifundishwa kwamba Uingereza iliipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland na Ujerumani ikaiachia Uingereza Zanzibar. Jambo ambalo vitabu vyetu havilitaji ni kwamba mkataba huo huo ndio uliopitisha mpaka magharibi mwa Ziwa Victoria katika mstari wa latitudo ya digrii 1 kusini, mstari unaopita hapo Mutukula na ambao hadi leo ndio mpaka wetu na Uganda. Mstari huo ulikusudiwa kuendelea moja kwa moja hadi Kongo. Lakini Waingereza waliingiza sharti moja: kwamba mlima Mfumbiro usihesabiwe katika eneo la Wajerumani, na iwapo ungegundulika kuwa uko kusini ya mstari huo, basi mpaka upindishwe ili mlima ubaki upande wa Uingereza.

Fikiria jambo hilo kwa utulivu. Mji wa Kisoro uko kama dakika 17 kusini ya digrii 1, na hata Kabale uko kusini ya mstari huo. Kama lisingekuwapo sharti la mlima ambao hakuna mmoja kati ya waliotia sahihi aliyeujua uliko, mahali pale pangekuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Wajerumani, koloni ambalo makao yake makuu yalihamishwa kutoka Bagamoyo kuja hapa Dar es Salaam mwaka 1891. Kisoro ingetawaliwa kutoka kwenye majengo yale yale ya Mtaa wa Ikulu na Barabara ya Kivukoni ambayo sisi tunapita mbele yake tukienda kupanda pantoni. Baadaye, Ujerumani iliposhindwa vita, ingeangukia kwa Wabelgiji pamoja na Rwanda.

Wapima ardhi walipofika kwa kweli katika milima hiyo, mataifa matatu yalijikuta yanadai mahali pamoja: Wajerumani kutoka Rwanda, Wabelgiji kutoka Kongo na Waingereza kutoka Uganda. Wajerumani walikuwa wamekwisha kutangulia. Mnamo tarehe 17 Oktoba 1902 Kapteni Robert von Beringe, askari wa koloni lililotawaliwa kutoka hapa, alikuwa anapanda mlima Sabinyo alipowapiga risasi nyani wawili wakubwa ambao hakuwajua. Mzoga mmoja ulipelekwa Berlin, na mwaka uliofuata mtaalamu Paul Matschie akaandika kwamba ni gorila wa aina mpya, akampa jina la kapteni yule. Hivyo ndivyo wataalamu wa Ulaya walivyomjua gorila wa milimani, ingawa wakazi wa misitu ile walikuwa wakiishi naye tangu enzi na enzi.

Mwaka 1909 Waingereza walipeleka kikosi katika eneo hilo, na nusura pawe na mapigano na Wabelgiji. Badala ya kupigana walikutana Brussels, na mwezi Mei mwaka 1910 wakakubaliana kuigawa milima yenyewe. Mwaka 1911 tume ya pamoja ilikwenda kusimika alama. Vilele vya Muhabura, Mgahinga na Sabinyo vikafanywa kuwa nguzo za mpaka, na kilele cha Sabinyo kikawa mahali ambapo nchi tatu zinagusana. Nchi iliyoko kaskazini mwa vilele hivyo, yaani Bufumbira, ikawa ya Uganda.

Hapo ndipo lilipo jibu la Wafumbira. Watawala wengi wa eneo hilo walikuwa wakihusiana na ufalme wa Rwanda, na wakati huo mfalme alikuwa Yuhi Musinga. Alama za tume zilipita katikati ya koo, mashamba na malisho, bila mtu yeyote kuhama. Nyindo, ndugu wa Musinga kwa baba, alikuwa kiongozi huko Bufumbira akajikuta amebaki upande wa Waingereza, naye Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza aliasi dhidi yao akiungana na upande wa Wajerumani na wa ndugu yake. Alishindwa, na mpaka ukabaki ulipo. Leo Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawataja Wafumbira miongoni mwa makabila ya asili ya nchi hiyo, kwa hiyo usije ukamwambia mwenyeji wa Kisoro kwamba yeye ni Mnyarwanda aliyehamia. Utakuwa umemkosea adabu.

Kuhusu mji wenyewe sina mengi. Ulikuwa sehemu ya wilaya ya zamani ya Kigezi, baadaye ukawa chini ya Kabale, na wilaya ya Kisoro iliundwa mwaka 1991.

Binti Kagera, Sinza:

Shikamoo Mwalimu. Maelezo yako yametosheleza kuhusu wazungu waliokaa mezani, lakini naomba niongeze kuhusu watu waliokataa mipango ya meza hiyo, kwa maana nchi ile ilikuwa na imani na uongozi wake ambao haukungoja tume ya mpaka.

Katika milima ya Kigezi, Bufumbira na kaskazini mwa Rwanda watu walikuwa wakimheshimu Nyabingi, roho ambaye alisemwa kuzungumza kupitia watu aliowachagua, na wengi wa waliochaguliwa walikuwa wanawake. Maarufu kuliko wote alikuwa Muhumuza, aliyejitambulisha kuwa mjane wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda na ambaye alimpinga Musinga na Wajerumani waliokuwa wakimuunga mkono. Wajerumani walimkamata wakamweka kizuizini Bukoba, kwetu kabisa. Alipoachiwa alirudi milimani, akavuka kuingia upande uliodaiwa na Waingereza, na mnamo mwaka 1911, wakati tume aliyoitaja Mwalimu ilikuwa bado inasimika alama zake, alikusanya watu na kutangaza kwamba atawafukuza Wazungu wote. Waingereza walimshambulia mwaka huo huo, wakamkamata na kumpeleka Kampala, ambako alikaa hadi kufa kwake mwaka 1945. Wajerumani na Waingereza waliokuwa wakigombea mlima mmoja hawakuwa na ugomvi wowote walipofika kwenye suala la kumnyamazisha mwanamke huyo. Hata baada ya yeye kuondolewa, vuguvugu la Nyabingi liliendelea kuwasumbua watawala wa Kigezi kwa miaka mingi, na watu wa huko wanalikumbuka kama sisi tunavyoikumbuka Majimaji.

Ninayaandika haya kwa sababu watalii wengi hupelekwa Kisoro wakaelezwa habari za Wazungu waliowatafiti gorila, wakarudi bila kulisikia jina la Muhumuza.

Mwongozaji wa Kijitonyama:

Ndugu Mkazi wa Tabata, mimi kazi yangu ni kupanga safari za vikundi kama chenu, na njia ya Kisoro naifahamu vizuri. Nitajibu swali lako la pili, nikianza na gorila wenyewe, maana wanaowapinga wamewapa nusu ya habari.

Ni kweli kwamba mgeni kutoka nje ya Afrika hulipa dola 800 za Marekani kwa kibali cha kuwaona gorila nchini Uganda. Lakini raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi kiasi hicho. Tangu Julai 2024 bei ya raia wa nchi zetu ni shilingi 300,000 za Uganda, nanyi mkiwa na pasi za Tanzania mnahesabiwa humo. Watanzania wengi hawalijui jambo hili, na mawakala wengine hawana haraka ya kulitaja. Vibali huombwa mapema kupitia Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, kwa sababu kila kundi la gorila huonyeshwa kwa watu 8 tu kwa siku, kwa muda wa saa moja, na mtoto aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi. Mwenye mafua hatakiwi kuwakaribia, kwani maradhi yetu huwaambukiza kwa urahisi. Kumbukeni kwamba hesabu iliyotangazwa baada ya sensa za miaka ya 2010 ilikuwa gorila wa milimani 1,063 duniani kote, wote wakiwa katika misitu miwili tu: Bwindi, na safu ya Virunga.

Kisoro iko kati ya misitu hiyo miwili. Upande wa kaskazini kuna Bwindi, yenye makundi mengi. Upande wa kusini, karibu kabisa na mji, kuna Hifadhi ya Taifa ya Mgahinga, ndogo kuliko zote za Uganda, yenye eneo la kilomita za mraba 33.7 tu, ambayo ina kundi moja lililozoeshwa watu, linaloitwa Nyakagezi. Kundi hilo hapo zamani lilikuwa na desturi ya kuvuka kwenda Rwanda na Kongo bila kuaga, likawaacha watalii wenye vibali mikononi. Sasa kwa miaka mingi limetulia upande wa Uganda.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, gorila si sababu kubwa ya kwenda Kisoro. Sababu kubwa ni milima. Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,900, na asubuhi mawingu yanapoondoka unaiona Muhabura imesimama juu ya mapaa ya mabati, ikiwa na urefu wa mita 4,127, karibu yake Mgahinga yenye mita 3,474, kisha Sabinyo yenye vilele vilivyomeguka kama meno ya mzee. Yote mitatu hupandwa na kuteremkwa kwa siku moja, na askari wa hifadhi hufuatana nanyi. Juu ya Muhabura kuna ziwa dogo ndani ya kreta. Mgahinga, ambayo ndiyo fupi, inapita katika msitu wa mianzi na kuishia kwenye kreta yenye kinamasi na mimea mikubwa ya ajabu, ya aina ile ambayo waliopanda Kilimanjaro wataikumbuka. Sabinyo ndiyo ngumu, kwani kuna mahali ambapo mnapanda kwa ngazi za miti huku pande zote mbili kukiwa na bonde refu, lakini ndiyo inayopendwa na vijana, kwa sababu juu ya kilele cha tatu mtu husimama katika Uganda, Rwanda na Kongo kwa wakati mmoja. Asiye na pumzi aache. Kwa kikundi cha ofisi chenye watu wa rika mbalimbali ningechagua Mgahinga, na wasiotaka kupanda kabisa wakafuate kima wa rangi ya dhahabu, ambao hupatikana katika Virunga na sehemu chache sana za jirani na huishi humo kwenye mianzi. Kuwafuata kima hao hakuchoshi, na bei yake ni nafuu.

Kisha kuna maziwa. Mutanda liko kilomita chache kutoka mjini, lina visiwa vidogo vingi, na liliundwa volkano zilipomwaga lava ikaziba mabonde ya mito. Mulehe liko jirani yake. Mitumbwi ya kuchonga hukodishwa, na siku ya utulivu vilele vyote vitatu huonekana ndani ya maji. Kama ningekuwa na siku moja tu Kisoro ningeitumia Mutanda.

Mjini penyewe hapana majengo ya kushangaza. Kuna soko ambalo hujaa siku za Jumatatu na Alhamisi, watu wakiteremka kutoka vilimani na viazi mviringo, maharage na mtama, na wengine wakitoka ng'ambo ya mipaka. Mashamba yamezungukwa na kuta za mawe meusi ya volkano, ambayo wakulima huyaokota ili wapate nafasi ya kupanda. Mashamba hayo yamepanda hadi kwenye ukingo wa hifadhi. Msitu unaanzia pale jembe lilipoamriwa kusimama.

Ipo pia hoteli ya zamani, Travellers Rest, ambayo kuanzia mwaka 1955 hadi 1969 iliendeshwa na Mjerumani mmoja, Walter Baumgärtel, aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufikiri kwamba wageni wangeweza kuja kuwatazama gorila badala ya kuwawinda. Watafiti karibu wote wa mwanzo walilala hapo, wakiwamo George Schaller na Dian Fossey. Fossey alikimbilia hapo mwezi Julai mwaka 1967 alipowatoroka askari huko Kongo, ambako alikuwa ameanzia utafiti wake, na ni baada ya hapo alipokwenda Rwanda na kufungua kituo cha Karisoke, tarehe 24 Septemba mwaka huo huo. Hoteli bado inapokea wageni. Anayekubaliana na dada wa Sinza anaweza kunywa chai hapo na kumzungumzia Muhumuza.

Jambo moja nalisema kwa uzito. Mtaelezwa kuhusu ziara ya Watwa, inayoingia msituni na kuishia katika pango la Garama. Watwa ndio waliokuwa wakiishi katika msitu huo kwa kuwinda na kuchuma, na hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991 waliondolewa, wengi wao wakabaki bila ardhi. Mnamo Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikiri kwamba waliondolewa bila fidia ya kutosha. Ziara yenyewe huongozwa na Watwa, nao huonyesha jinsi walivyowasha moto, walivyotega na walivyochagua dawa za miti. Pangoni huimba gizani. Wapo wanaoona kwamba ni aibu watu kulipwa ili waigize maisha waliyokatazwa kuyaishi, na wapo wanaoona kwamba angalau mapato na sauti ni vyao wenyewe. Mimi huwapeleka wageni, kwa sharti kwamba wapige picha baada ya kuomba ruhusa na waulize maswali ya leo pamoja na ya zamani: wanalima wapi, watoto wanasoma wapi.

Mkazi wa Tabata:

Shikamoo Mwalimu, na nyote mliojibu nawashukuru. Habari ya bei ya raia wa Afrika Mashariki imebadilisha kabisa mazungumzo ya ofisini. Limebaki jambo moja ambalo akina mama wa kikundi wanalirudia kila siku: Bunagana. Tunalisikia jina hilo katika taarifa za habari za vita vya Kongo, na kwenye ramani liko jirani kabisa na Kisoro. Je, ni busara kwenda?

Mzee wa Mbagala:

Kijana, swali hilo niachie mimi, kwa kuwa ninaye ndugu wa damu aliyevaa sare ya JWTZ na kupelekwa Kongo.

Bunagana ni mji wa mpakani upande wa Kongo, uliopo umbali wa kilomita kama kumi tu kutoka Kisoro. M23, waasi wanaopigana na serikali ya Kongo, waliuteka mwaka 2012. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likaunda kikosi maalumu cha kuingilia kati, kilichokuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa kwetu. Mwezi Novemba mwaka huo M23 walishindwa, na wapiganaji wao wengi wakavuka mpaka kuingia Uganda kupitia wilaya hiyo hiyo ya Kisoro. Kwa hiyo nchi ile si ngeni kwa Watanzania. Wapo wenzetu waliopoteza maisha upande wa pili wa milima hiyo. Tarehe 13 Juni 2022 M23 waliuteka Bunagana kwa mara nyingine, na mwezi Januari 2025 wakaingia Goma, mji mkubwa wa mashariki mwa Kongo.

Kila mapigano yanapopamba moto, watu huvuka kwa maelfu wakiwa na magodoro vichwani, nao hupokelewa Nyakabande, kituo cha muda kilichopo nje kidogo ya mji wa Kisoro, kabla ya kupelekwa kwenye makambi ya ndani. Wenyeji wamekwisha kuzoea kuwapokea, maana wengi wanazungumza lugha moja na wanaoana. Vita vyenyewe vimekuwa vikipiganwa upande wa Kongo, na watalii wameendelea kufika Kisoro na Mgahinga katika miaka yote hiyo. Ushauri wangu ni kwamba mwende Kisoro, msiende Bunagana hata kwa kutania, na mwulize ofisi ya hifadhi hali ilivyo siku chache kabla ya kuondoka. Sabinyo iko hadi kwenye mpaka wa Kongo, kwa hiyo askari wa hifadhi wakisema haipandwi siku hiyo, msibishane nao.

Faida moja ya ujirani huo ni kwamba Kiswahili kitawafaa. Sehemu nyingi za Uganda mtu wa Dar es Salaam hulazimika kutafuta Kiingereza, lakini sokoni Kisoro wafanyabiashara wengi wamezoea wateja wa Kongo, na mtaelewana nao, ingawa Kiswahili chao kina ladha nyingine.

Mwongozaji wa Kijitonyama:

Nakubaliana na Mzee kabisa. Nimalizie habari ya njia, ambayo nilikuwa sijaigusa.

Njia ninayoipendekeza ni ya Kigali. Basi hutoka hapa kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Kahama hadi Rusumo, mnavuka daraja la mto Kagera na kuingia Rwanda. Kutoka Kigali hadi Musanze ni mwendo wa saa mbili hivi, na kutoka Musanze hadi mpaka wa Cyanika ni karibu, kisha Kisoro iko kilomita chache mbele. Njia hii inawapitisha chini ya Virunga kwa upande wa Rwanda kabla hamjaiona kwa upande wa Uganda, hivyo mtaelewa kwa macho kile alichokieleza Mwalimu kuhusu milima kugawanywa. Ulizeni hali ya mpaka kabla hamjakata tiketi, kwani kati ya mwaka 2019 na 2022 Rwanda iliufunga mpaka wake na Uganda kwa sababu ya ugomvi wa serikali hizo mbili, na wafanyabiashara wa Cyanika waliumia sana.

Wanaotaka kupita Kampala wana safari ya kilomita kama 500 kutoka huko hadi Kisoro. Kinachonivutia katika njia hiyo ni kipande cha mwisho, kutoka Kabale kwenda Kisoro, ambacho ni lami inayojizungusha milimani, ikapita msitu wa mianzi wa Echuya na kutokeza mahali panapoitwa Kanaba, ambapo volkano hufunguka mbele yenu zote kwa pamoja. Mwambieni dereva asimame hapo. Kwa kikundi chenu ningeshauri kwenda kwa Kigali na kurudi kwa Kabale, mkilala usiku mmoja kwenye ziwa Bunyonyi.

Kila mtu awe na pasi ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, maana Rwanda huinyang'anya mpakani. Mkifika Rusumo rudisheni saa nyuma kwa saa moja, na mkiingia Cyanika irejesheni, kwani Uganda inafuata saa yetu. Kama mnakwenda na gari lenu, dereva ahamie upande wa kulia akiwa Rwanda na arudi kushoto Cyanika. Hapo mpakani ndipo wengi husahau. Desemba mvua huwa zimepungua, lakini usiku wa Kisoro si wa Tabata, kwa hiyo bebeni masweta mazito na viatu vinavyoshika kwenye tope. Vibali vya gorila ombeni sasa, vya kima na vya kupanda Mgahinga mnaweza kuvilipia mtakapofika kwenye ofisi ya hifadhi mjini.

Binti Kagera, Sinza:

Ndugu Mkazi wa Tabata, iwapo katika kurudi mtapitia Mutukula, basi mtakapokuwa mnagongewa mihuri kumbukeni kwamba mmesimama juu ya ile digrii 1 ya Mwalimu. Na kama mna siku ya ziada, tokeeni Bukoba mwelekee Karagwe.

Mkazi wa Tabata:

Nimeyasoma yote mbele ya kikundi leo mchana. Tumekubaliana Mutanda, kima na Mgahinga kwa wote, na watu sita wamejiandikisha kwa gorila. Swali la mwisho kwa Mwongozaji: kikundi cha watu kumi na wanne wanaweza kulazwa mahali pamoja Kisoro mwezi Desemba, au tugawanyike?

Mwongozaji wa Kijitonyama:

Mahali pamoja panawezekana mkiweka nafasi mapema, mjini kuna nyumba za wageni za kutosha na za bei ya wastani. Wale sita wa gorila walale karibu na lango la Mgahinga usiku wa kuamkia siku yao, kwa sababu maelezo hutolewa asubuhi na mapema, na anayechelewa huachwa.